Mbinu Nne Tu: Historia ya Ushirikiano Katika Mchezo wa Pokémon



Mzazi anayemtazama mwanawe akicheza Pokémon huona vita tu. Mnyama wa ajabu anatema moto, mwingine anamwaga maji, mmoja anazimia. Ndiyo maana wengi wetu tumeuhesabu kuwa ni mchezo wa ugomvi. Lakini tukiifuatilia historia yake tunakuta kwamba tangu siku ya kwanza ulitengenezwa kwa namna ambayo mtoto aliye peke yake hawezi kuwakusanya viumbe wake wote.

Mwanzilishi wake ni Mjapani Satoshi Tajiri, aliyezaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa Tokyo. Utotoni alipenda kukamata wadudu, na akayaona maeneo aliyowatafutia yakimezwa na majengo. Mwaka 1989 Nintendo walitoa Game Boy, kifaa cha mkononi ambacho kiliweza kuunganishwa na cha mwenzako kwa waya. Tajiri amesimulia kwamba waya ule ulimfanya awaze mdudu anayetambaa ndani yake, akitoka kifaa kimoja kwenda kingine. Kampuni yake, Game Freak, ilihangaika na wazo hilo kwa takriban miaka 6, hadi tarehe 27 Februari 1996 yalipotoka matoleo mawili huko Japani, Jekundu na la Kijani.

Palikuwa na viumbe 150 wa kukusanya, lakini kila toleo lilinyimwa baadhi yao. Mwenye Jekundu alimhitaji mwenye Kijani, na kinyume chake. (Kampuni nayo ilifaidi kwa kuuza mara mbili, hilo tusilifiche.) Zaidi ya hapo, viumbe wanne, yaani Machoke, Kadabra, Graveler na Haunter, hawakufikia umbo lao la mwisho ila kwa kupitishwa kwenye waya. Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Mtoto anampa rafiki yake Machoke aliyemlea kwa wiki nzima. Machoke anafika upande wa pili, anageuka kuwa Machamp mwenye mikono minne, na sasa ni mali ya rafiki. Hakuna kitu chochote ndani ya mchezo kinachomlazimisha kumrudisha. Anaweza kuchomoa waya na kwenda zake nyumbani. Watoto wa miaka minane au tisa walikuwa wakiwekeana amana, na aliyeikhini amana hiyo alijulikana darasa zima.

Kikomo kingine kilikuwa ndani ya viumbe wenyewe. Mchezo wa kwanza ulikuwa na mbinu 165 za kupigania, lakini kila kiumbe aliruhusiwa kujua nne tu. Akitaka kujifunza ya tano, lazima asahau moja. Maji huzima moto, moto huunguza majani, umeme haumdhuru kiumbe wa ardhini hata kidogo, na hakuna anayeweza kujitosheleza kwa mbinu nne mbele ya maadui wa kila namna. Basi mchezaji hubeba kikosi cha viumbe sita, kila mmoja akiziba pengo la mwenziwe. Zilikuwapo pia mbinu za safari, kama kukata mti ulioziba njia au kuvuka bahari, ambazo katika mchezo wa kwanza kiumbe akishazijua hazisahauliki. Wachezaji wengi walimtwika kiumbe mmoja dhaifu mzigo huo wote ili wenzake wabaki huru kupigana. Mwaka 2016 utaratibu huo uliondolewa, na sisi tunaona kuna kitu kilipungua.

Tusiruke na mwaka 2001, kwa kuwa baadhi ya wazazi bado wanaukumbuka. Mwaka huo Mufti Mkuu wa Saudi Arabia alitoa fatwa ya kuupinga mchezo huu, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba kadi zake zinafanana na kamari. Hukumu ya jambo hilo ina wenyewe wa kuisema. Sisi tunaendelea na historia.

Mnamo Novemba 2002, katika matoleo ya Ruby na Sapphire, viumbe wawili waliweza kupigana bega kwa bega dhidi ya wawili. Hapo hesabu ya mbinu ilibadilika. Mbinu ya tetemeko la ardhi iliwapiga maadui wote wawili, lakini ilimpiga na mwenzako pia, isipokuwa awe ni mwenye kuruka. Zikaja mbinu zisizomuumiza yeyote: moja humwongezea nguvu mwenzako, nyingine huvuta mashambulizi yote yaje kwako ili yeye asalimike.

Mfano wake ni mashindano ya dunia ya mwaka 2014 mjini Washington. Se Jun Park wa Korea Kusini alikuja na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye hakuna aliyemtarajia katika ngazi hiyo. Mbinu zake nne zilikuwa hizi: kujikinga, kumpoozesha adui, kumng'ata apungukiwe nusu ya uhai aliobakiwa nao, na kuyavuta mashambulizi yaje kwake. Kindi yule alisimama akapokea mapigo ya viumbe waliomzidi kwa kila kipimo, huku wenzake wakimaliza kazi. Park akawa bingwa wa dunia.

Katika matoleo ya Sword na Shield ya mwaka 2019, wachezaji wanne waliweza kumkabili pamoja kiumbe mmoja mkubwa mno, kila mmoja akiwa na kiumbe wake mmoja. Viumbe wa kundi wakizimia mara 4 kwa jumla, au zamu 10 zikipita, wote wanne wanatupwa nje mikono mitupu. Kwa hiyo mtoto anayeleta kiumbe mchanga asiyehimili pigo anaweza kuwamalizia wenzake nafasi zote nne peke yake, na si ajabu ukamsikia dada mtu akimwambia mdogo wake, kabla hawajaanza, aache moto nyumbani aje na mbinu ya kinga.