Historia ya Neno "Amok": Hasira ya Wamalay katika Kamusi ya Waingereza

Magazeti ya Kiingereza hapa Kampala hupenda kuandika kwamba mtu fulani "ran amok", yaani alipandwa na hasira kali akaanza kushambulia kila aliyekutana naye. Neno hilo si la Kiingereza kwa asili. Insha hii inafuata safari yake, kwa sababu ndani yake kuna historia ya ukoloni ambayo kamusi huipita harakaharaka.

Waingereza wameazima maneno mengi ya hasira. "Rage" limetokana na Kilatini "rabies", ambalo leo ni jina la kichaa cha mbwa. "Berserk" linatoka kwa wapiganaji wa kale wa Skandinavia, na lilienea katika Kiingereza baada ya Walter Scott kuandika riwaya yake ya mwaka 1822, The Pirate. Sheria za kale za Iceland ziliwaadhibu waliopandwa na hali hiyo, lakini riwaya iliwageuza mashujaa. Wamalay hawakupata bahati hiyo.

Kwa Kimalay, "amuk" ni kushambulia kwa ghadhabu, na neno lilitumika pia vitani. Mreno Duarte Barbosa aliliandika mwanzoni mwa karne ya 16 alipoeleza habari za watu wa Java. Waingereza walipolipokea katika karne ya 17 walilisikia vibaya, wakaligawa mara mbili, "a muck", kana kwamba ni neno lao wenyewe.

Kesi inayonigusa zaidi ni ya Penang, Julai 1846. Sunan, fundi ujenzi wa Kimalay aliyeheshimika, aliwashambulia watu kadhaa akawaua, akiwemo mtoto mdogo aliyekuwa mikononi mwa baba yake. Mahakamani ilielezwa kwamba muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amefiwa na mkewe na mtoto wake, na kwamba tangu msiba huo alibadilika hata sura. Hakimu William Norris hakuona sababu ya kumhurumia. Aliamuru anyongwe, mwili upasuliwe na madaktari, na vipande vyake vitupwe baharini au mtaroni badala ya kukabidhiwa jamaa wamzike. Tangu kosa hadi kitanzi ilipita takriban wiki moja tu!

Sisemi kwamba Sunan hakuwa na hatia. Waliokufa nao walikuwa na jamaa zao. Ninachohoji ni kazi iliyofanywa na neno. Likishatamkwa, maelezo ya msiba yalikosa uzito: huyu ni Mmalay, na Wamalay ndivyo walivyo. Inafaa kukumbuka hapa kwamba neno letu "hasira" huhusishwa na Kiarabu "hasra", ambalo maana yake ni huzuni na majuto. Njia kutoka msiba hadi ghadhabu imo ndani ya neno lenyewe.

Baadaye suala lilitoka kwa mahakimu likaenda kwa madaktari. Mwaka 1893 W. Gilmore Ellis, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili Singapore, alichapisha makala kuhusu amok ya Wamalay. Hapo mshambuliaji alianza kutazamwa kama mgonjwa, jambo ambalo lingeweza kumwokoa Sunan na kitanzi. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe ulibaki na kabila. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1994 uliweka amok katika orodha ya maradhi ya tamaduni maalumu, ingawa watu wenye silaha walikuwa wamewashambulia wapita njia katika miji ya Marekani yenyewe.

Toleo la mwaka 2013 halina tena amok miongoni mwa mifano yake ya aina hiyo. Magazetini neno bado lipo, na siku hizi hutumiwa hata kwa ng'ombe walioingia katika shamba la mtu.