Kufyonza na Kugandama: Neno Moja la Kemia na Historia Yake

Mwaka 1881 mwanafizikia Heinrich Kayser, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichunguza jinsi makaa yanavyozishika gesi, akapungukiwa na neno. Neno lililokuwapo lilieleza kitu kiingiacho ndani ya kingine, kama maji katika sifongo. Lakini gesi zile zilikaa usoni tu. Kwa shauri la Emil du Bois-Reymond, bingwa wa elimu ya mwili, kiambishi cha Kilatini ab kikaachwa, kikashika ad mahali pake, na Kijerumani kikapata Adsorption.

Jambo lenyewe lilikuwa la zamani kuliko jina. Scheele alikwisha kuliona katika gesi na makaa mwaka 1773, na Lowitz, huko St Petersburg, aligundua mwaka 1785 kwamba makaa huondoa rangi katika kimiminiko. Kiswahili hakiwezi kucheza na ab na ad, wala hakina haja. Kinacho kitenzi kufyonza kwa kitu kiingiacho ndani, na kugandama kwa kile kishikacho juu. Hata hivyo aghalabu waandishi hutumia kufyonza kwa yote mawili, na hapo ndipo msomaji apotezwapo: aambiwapo kuwa sumu ya majini imefyonzwa, hudhani imekwisha. Haikwisha, imehama tu kutoka majini hadi usoni pa kitu kigumu, na yaweza kurudi.

Kuvunjika ni habari nyingine, nayo ilianzia katika lawama. Oksidi ya titani, ile nyeupe itiwayo katika rangi za nyumba, ilionekana kuharibu rangi hizo juani mpaka zikatoa vumbi kama chokaa. Mwaka 1938 Goodeve na Kitchener walionyesha kwamba oksidi hiyo, ikipigwa na miale ya urujuani-juu, hupausha rangi iliyogandama juu yake. Kwa watengenezaji wa rangi hiyo ilikuwa hasara. Mwaka 1972 Fujishima na Honda wa Japani walitangaza kwamba oksidi iyo hiyo, ikiangazwa, huweza kuyatenga maji kuwa oksijeni na hidrojeni. Na mwaka 1976 Carey, Lawrence na Tosine, wa Canada, waliitumia kuondoa klorini katika sumu za jamii ya PCB zilizomo majini. Kasoro ya rangi ikawa dawa ya maji.

Mwale huitoa elektroni mahali pake, ikabaki nafasi tupu. Nafasi hiyo huipokonya elektroni molekuli ya maji iliyo usoni, na kipande kizaliwacho hapo ni kikali mno: hushambulia taka zenye kaboni, na kazi ikifika mwisho hubaki gesi ya kaboni, maji na chumvichumvi. Vipande hivyo haviishi muda wa kutosha kusafiri mbali, ndiyo maana kugandama kwa taka kwafaa sana. Lakini (na hili husahauliwa) zikigandama kupita kiasi huziba uso na kuzuia nuru. Tena si kila taka hufika mwisho wa safari. Nyingine huvunjika nusu, na kipande kibakicho chaweza kuwa na sumu kuliko kitu cha kwanza. Taka ya namna hiyo imegandama na imevunjika, wala haijakwisha.