Bata domo-kijiko: wa Kaskazini na wa Rasi

Maana. Bata-maji mwenye mdomo mrefu uliopanuka nchani mithili ya kijiko. Kingo za mdomo huo zina vijino vyembamba kama vya kitana, ambavyo huchuja mbegu na viumbe vidogo majini. Barani Afrika jina hili hutumika kwa spishi mbili, na hapo ndipo utata huanzia.

Domo-kijiko wa Kaskazini (*Spatula clypeata*) huzaliana Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Baadhi yao huhamia Afrika Mashariki wakati wa baridi ya kwao, na huonekana katika maziwa kama Naivasha na Nakuru. Dume aliyevaa manyoya ya uzazi ana kichwa cha kijani kinachong'aa, kifua cheupe na mbavu za kahawia nyekundu.

Domo-kijiko wa Rasi (*Spatula smithii*) ni mwenyeji wa kusini mwa Afrika, hasa Afrika Kusini, Namibia na Botswana. Dume na jike wote ni wa kahawia yenye madoadoa. Dume hutambulika kwa kichwa kilichopauka na macho ya manjano.

Tahadhari. Jike wa Kaskazini, na hata dume asiye katika manyoya ya uzazi, huweza kudhaniwa kuwa wa Rasi. Jike wa Kaskazini ana mkia wenye kingo nyeupe na rangi ya machungwa kandokando ya mdomo. Wa Rasi ana mkia na mdomo vyeusi zaidi.

Matumizi. Sentensi "Bata domo-kijiko huzaliana Ulaya" ni kweli kwa spishi moja na ni kosa kwa nyingine. Mfasiri au mwandishi wa orodha ya ndege asiyeongeza kibainishi humpa msomaji taarifa isiyoweza kuthibitishwa. Panapohitajika uhakika, jina la kisayansi liandikwe mara ya kwanza ndege anapotajwa.

Sarufi. Ingawa *domo* ni la ngeli ya LI-YA na *kijiko* ni cha KI-VI, jina la ndege hufuata upatanisho wa A-WA, nalo halibadiliki katika wingi:

- Domo-kijiko mmoja ametua ziwani. (Si *limetua* wala *kimetua*.)
- Domo-kijiko wawili wa Rasi wameonekana.