Ndovu wa Tsavo ukutani: miaka 50 ya picha, pesa na ugomvi

Kenya inakaribia kutimiza miaka 50 tangu serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ipige marufuku uwindaji wa wanyamapori, Mei 1977. Mwezi uliofuata alifariki David Sheldrick, mkuu wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki, na mjane wake Daphne akaanzisha mfuko wa hisani wa kumkumbuka. Mwaka huohuo Peter Beard, mpiga picha Mmarekani aliyekuwa na makao Nairobi, alionyesha jijini New York picha za ndovu waliokufa Tsavo. Mambo hayo matatu yanahusiana kuliko inavyosemwa, na sisi wa Ukambani, tuliopakana na Tsavo, yanatugusa moja kwa moja.

Chanzo cha mambo hayo kiko hapa Machakos. Philip Percival, aliyewaongoza wageni porini tangu safari ya Theodore Roosevelt ya 1909, alikuwa na shamba Potha. Mwaka 1926 alimwongoza George Eastman, mwanzilishi wa Kodak, ambaye mwaka uliofuata alichapisha barua za safari hiyo kwa gharama yake mwenyewe. Siku moja Eastman alimkaribia kifaru akiwa na kamera ndogo ya filamu. Kifaru akageuka, akashusha kichwa na kumjia mbio, mpiga filamu Martin Johnson akiinasa kutoka pembeni. Mnyama alianguka kwa risasi hatua chache tu kutoka kwa mzee huyo aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Bunduki na kamera vilitembea msafara mmoja. Eastman pia alichangia ukumbi wa wanyama wa Afrika uliopewa jina la Carl Akeley katika jumba la makumbusho la New York, uliofunguliwa 1936.

Baadaye picha ikawa pia njia ya kuchangisha pesa. Mwaka 1961 gazeti la Daily Mirror la Uingereza liliweka kifaru ukurasa wa kwanza kuutangaza mfuko mpya wa wanyamapori wa WWF, na michango ikamiminika.

Ugomvi wenyewe ulizuka Tsavo. Mwanasayansi Richard Laws alipewa kazi ya kuchunguza kwa nini ndovu walikuwa wakimaliza miti na kugeuza msitu kuwa nyika tupu. Ndovu 300 walikuwa wamepigwa risasi mwaka 1966 ili miili yao ichunguzwe. Laws akataka wengine wauawe ili mbuga ipumue. Sheldrick akakataa katakata: acha asili ijipange yenyewe, miti na ndovu hupishana. Maneno yakawa makali na mwaka 1968 Laws akaondoka. Miaka miwili baadaye kiangazi kikabana. Mwaka 1970 na 1971 ndovu takriban 6,000 walikufa, wengi wao majike na watoto, kwa sababu hawakuweza kwenda mbali na maji kutafuta chakula.

Beard aliruka juu yao kwa ndege na kupiga picha. Ukiitazama moja kwa karibu, unaona ngozi iliyolala juu ya mifupa, udongo uliokanyagwa kuizunguka, na visiki ambavyo havikubakiwa na jani. Aliziingiza katika toleo jipya la kitabu chake The End of the Game, kisha akazitundika New York pamoja na shajara zake zilizonusurika moto uliounguza nyumba yake Julai 1977. Hakuwa akiomba mchango. Alikuwa akiwashtaki hadharani waliochanga na waliochangisha, kwamba huruma yao iliwabana ndovu mahali pamoja hadi wakafa njaa.

Daphne naye ameeleza upande wa mumewe katika kitabu chake cha 2012, kwa uchungu wa mtu aliyeishi na ndovu hao. Kwa maoni yangu Beard alifanya haki kuonyesha mizoga. Maonyesho yanayoficha kifo yanamdanganya mtoaji. Lakini mashtaka yake yalipitwa na matukio. Kenya ilikuwa na ndovu wapatao 167,000 mwaka 1973; kufikia 1989 walibaki kama 16,000, na kilichowamaliza zaidi ni majangili wa pembe.

Kuna picha isiyokuwepo upande wowote wa ugomvi huo. Katika kampeni ya 1956 na 1957 Sheldrick na wenzake waliwakamata wawindaji wengi wa Kiwaata na Kikamba, watu waliokuwa wakiwinda kwa upinde na mshale wa sumu tangu kabla mbuga haijawekewa mipaka 1948. Wengi walifungwa. Nyumbani kwetu ndovu anayejulikana zaidi ni yule wa mti, anayechongwa Wamunyu tangu Mutisya Munge aliporudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Siku hizi maonyesho ya hisani yana utaratibu wake. Margot Raggett wa Uingereza, baada ya kuona mzoga wa ndovu kaskazini mwa Kenya mwaka 2014, aliwaomba wapiga picha watoe kazi zao bure. Walijitokeza 65, na 2016 kikatoka kitabu pamoja na maonyesho London. Kazi si ndogo: kuchagua picha chache kati ya maelfu, kuzichapisha kwa karatasi isiyopauka, kuzitia fremu, kukodi ukumbi, na kuamua mapema kila shilingi iende wapi. Chapa huwa chache, zimetiwa namba na sahihi ili bei isishuke. Nairobi nayo, katika makumbusho ya taifa, imepokea picha za wanyamapori za tuzo ya Benjamin Mkapa.

Machakos iko takriban kilomita 60 tu kutoka hapo. Mei 2027 ikifika, kaunti iombe picha hizo za tuzo, izitundike Wamunyu na katika kumbi za shule, maelezo yawe ya Kiswahili na Kikamba, na ukutani ipatikane nafasi ya wawindaji waliofungwa 1956 na 1957. Wanafunzi waingie bure. Mapato ya chapa yaende kwa wenye mashamba ya nyanda za Kapiti wanaokubali kutoyazungushia ua, ili nyumbu na pundamilia wapite kati ya viwanda na machimbo ya mawe ya Athi River.