Mandari na Kivuli cha Mwembe

Katika lugha yetu ya Unguja lipo neno mandari. Kwenda mandari si kusafiri, wala si kutembea tu. Ni watu kutoka nyumbani kwa jamaa zao, pamoja na watoto, mikeka, masufuria na chakula, wakaenda kukaa mahala penye upepo na kivuli, wakala, wakacheza, na jua likipunga wakarudi mjini. Vitabu vya historia vimetuandikia habari za wafalme, mikataba na mapinduzi, lakini habari za mandari hazikuandikwa sana. Pengine zilionekana ni mambo ya watoto na wanawake. Hata hivyo, msomaji wangu, ukitaka kujua ardhi ya kisiwa hiki ilikuwa ya nani katika kila zama, uliza swali moja dogo: siku ya mandari, nani alikaa kivulini, na ruhusa aliipata kwa nani?

Tuanze na zama za Sayyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja makao ya dola yake na akafariki mwaka 1856. Jumba lake la Mtoni lilikuwa nje ya mji, kando ya bahari. Binti yake Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikachapishwa mwaka 1886. Humo tunasoma habari za ua wa Mtoni uliojaa tausi, swala, mbuni na heroe, na jinsi watoto wa jumba walivyofundishwa kupanda farasi wangali wadogo. Kule Kidichi, juu kwenye mashamba, mwaka 1850 Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu ya kuogea na kupumzikia. Hamamu hiyo ingalipo hadi leo, na wageni huipiga picha.

Maisha hayo yalikuwa mazuri kwa waliokuwamo. Lakini mikarafuu iliyowapa kivuli ilipandwa na kupaliliwa na watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria hapa Unguja hadi mwaka 1897. Mtoto wa mtumwa naye alishinda siku nzima chini ya mti ule ule, ila yeye hakuwa mandarini. Kwa hiyo wanaosema kwamba zamani kila mtu alifurahi shamba, na waseme zamani ipi, na mtu yupi.

Baada ya hapo vikaja vyombo vya kusafiria. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga reli ndogo ya kumpeleka yeye na watu wake hadi jumba lake la Chukwani. Hiyo ilikuwa reli ya mwenyewe. Mwaka 1905 ndipo ilipoanza reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, mwendo wa maili saba hivi kutoka mjini. Reli hii ilibeba watu kwa nauli. Mtu asiyekuwa na punda wala farasi sasa aliweza kumchukua mwanawe akaenda naye Bububu akarudi siku ile ile. Haikuishi muda mrefu. Barabara na motokaa ziliishinda, na katika miaka ya 1920 ikasita. Lakini ilikwisha kuonyesha kwamba shamba si mbali kama watu wa mjini walivyodhani.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakalala huko, na hao hawakwenda kwa starehe. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa ghala ya karafuu. Ulipofika msimu, watu wa Makunduchi na wa Tumbatu walivuka bahari kwenda kuchuma, na wengi walikwenda na aila zao. Malipo yalikuwa kwa pishi. Wakubwa walipanda juu ya miti; watoto walikaa chini na bibi zao wakichambua karafuu na kuyatenga makonyo, jioni mpaka kandili ikizimika. Walilala katika vibanda vya makuti, wakila mihogo na samaki mkavu. Niliowakuta wakiwa wazee na kuwauliza habari za kambi hizo walinieleza kwanza taabu: mvua, mbu, homa. Kisha sura zao zikabadilika wakaanza kutaja hadithi walizosimuliwa usiku na marafiki waliowapata huko, wengine wakawa wakwe. Hii nayo ni sehemu ya historia ya watoto wetu kulala nje ya nyumba zao, na si haki kuitupa kwa kuwa haikuwa na pilau.

Desturi mbili zaidi lazima nizitaje. Ya kwanza ni kuvunja jungu. Siku za mwisho za Shaabani, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, watu wa mjini hutoka kwa makundi kwenda pwani na mashamba, wakapika na kula mchana kwa mara ya mwisho kabla ya mfungo. Ya pili ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaosherehekewa mwezi wa Julai. Huko kuna itikadi ya zamani kwamba nyumba isiyopata mgeni siku ile haina heri. Angalia jinsi desturi hii inavyoligeuza lile swali letu: mwenye mahala ndiye anayemhitaji mgeni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliitia ardhi mikononi mwa serikali, na katika miaka iliyofuata mashamba makubwa yalikatwa na kugawiwa watu eka tatu tatu. Mengi yamesemwa juu ya mgao huo, kwa sifa na kwa lawama, na waliopoteza wana uchungu wao. Mimi nataka kutaja jambo moja tu nililoliona kwa macho yangu. Mandari ya utotoni mwangu ilikuwa ni ya kwenda kwa mtu wa eka tatu. Tulipanda gari la shamba lenye bodi ya mbao, watoto tumepakatwa, sufuria la wali limefungwa kwa kanga. Tukifika, baba alikwenda kwanza kumwamkia mzee mwenye shamba, na sisi tulisimama kimya mpaka salamu zishe. Hapo tena tulifunguliwa. Tulikuwa na masharti yetu: hupigi embe kwa jiwe, huokoti nazi bila ya kuomba, huchezei kisima, na sahani ya kwanza ya chakula inakwenda kwa mwenyeji. Kwake tulijua shokishoki na doriani zinavyokuwa mtini. Pwani tulifundishwa na watoto wake kuyasoma maji, yanapojaa na yanapokupwa, na siku za bamvua usiende mbali.

Mwaka 1986 ilitungwa sheria ya kuwakaribisha wawekezaji, na utalii ukashika kasi. Kufika mwaka 2019 watalii waliokuja Zanzibar kwa mwaka mmoja walipindukia 500,000. Sitaudharau utalii, ndani ya ukoo wangu wamo wanaolisha watoto wao kwa kazi za hoteli. Lakini miaka michache iliyopita tuliwapeleka wajukuu pwani ya mashariki, mahala tulipokuwa tukitandika mikeka yetu zamani, tukakuta ukuta. Mlinzi, kijana wa kijiji hicho hicho, alituambia kwa adabu kabisa kwamba hapa hapakaliwi, tusogee mbele. Tulisogea. Mbele palikuwa na ukuta mwingine. Mjukuu mmoja aliuliza, "Bibi, bahari ni ya nani?" Nikamwambia bahari ni ya Mungu. Akasema, "Basi na mchanga?"

Nimelifikiri sana swali lake. Mtoto wa Mji Mkongwe leo anayo Forodhani, bustani iliyotengenezwa miaka ya 1930 na kufunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo makubwa. Ni pazuri, na jioni watu hujaa pamoja na watoto wao. Lakini hapo yote yameuzwa tayari juu ya meza. Mtoto hakutani na mwenye shamba, hajifunzi kuomba, wala hajui kwamba embe lina mwenyewe. Naye mtoto wa shamba hamwoni wa mjini ila barabarani akipita. Watoto wasiokula sahani moja wakiwa wadogo huja kuogopana wakiwa wakubwa, na kisiwa chetu kimekwisha kuonja taabu ya kuogopana.

Sitaki turudi katika zama za Mtoni, wala katika kambi za homa. Ninachotaka kinawezekana. Kila kijiji cha pwani kibakishe kipande cha ufukwe chenye miti na kisima, kisikodishwe kwa yeyote, kiwe cha wanakijiji na wageni wao. Na sisi wa mjini, tukiwa na gari au na nauli ya daladala, tuwatafute tena jamaa zetu wa shamba, tuwapelekee watoto, tubishe hodi kama tulivyofundishwa. Mwembe hauchagui wa kumpa kivuli. Anayechagua ni mwenye ukuta, na ukuta hujengwa kwa ruhusa. Basi tuwaulize wanaoitoa.