Kuhifadhi mbegu za maharage

Kuhifadhi mbegu za maharage ni kazi ya kuchagua, kukausha na kutunza punje za mavuno ya nyumbani ili zipandwe msimu unaofuata. Maharage (Phaseolus vulgaris) asili yake ni Amerika, na ua lake hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo aina ya maharage iitwayo kablanketi, ikipandwa kando ya aina nyingine iitwayo soya njano, huzaa kablanketi. Mahindi chotara hayana sifa hiyo. Hii ndiyo sababu mkulima wa Mbeya au Kagera anaweza kushika aina moja miaka mingi bila kwenda dukani.

Kosa kubwa ni kuchota mbegu kwenye gunia la chakula siku ya kupanda. Mbegu huchaguliwa shambani, majani yakiwa bado mabichi: mkulima hupita akifunga uzi kwenye mashina yenye afya na maganda mengi. Majani yaliyojikunja yenye mabaka ya kijani na njano ni dalili ya virusi vya batobato. Vidonda vyeusi vilivyobonyea kwenye maganda ni chule. Magonjwa yote mawili husafiri ndani ya mbegu, na punje ya shina gonjwa yaweza kuonekana safi kabisa kwenye ungo. Shamba ndilo linalosema kweli.

Maganda yakikauka na punje zikilia ndani, mashina hung'olewa asubuhi na mapema, kabla jua halijapasua maganda. Maharage ya mbegu ni afadhali yapukuchuliwe kwa mkono. Fimbo nzito huvunja kiini kilicho ndani ya punje, na mche wake huchomoza bila kichipukizi cha kuuendeleza.

Punje huanikwa kwenye mkeka au turubai, zikigeuzwa mara kwa mara, na huingizwa ndani kila jioni kwa sababu hunyonya unyevu wa usiku. Bati na saruji ya mchana hazifai: joto likipita nyuzi 40 hudhuru kiini. Lengo ni unyevu wa asilimia 12 hadi 13. Asiye na kipimo atumie chumvi. Chupa kavu ya kioo hujazwa punje hadi theluthi, hutiwa kiganja cha chumvi kavu, hufunikwa, hutikiswa vizuri, kisha huachwa itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, maharage yarudi mkekani. Ikianguka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15; ongeza siku moja au mbili za jua.

Adui wa ghalani ni bungua, na mara nyingi hutoka shambani kwenyewe, kwa kuwa jike hutaga mayai kwenye maganda yaliyokauka yakachelewa kuvunwa. Buu huingia ndani ya punje na kula humo. Kabla ya kutoka hubakiza ngozi nyembamba tu, nayo huonekana kama kidirisha cha mviringo. Ukikiona, bungua yu tayari kuruka. Penye joto, yai huwa mdudu kamili kwa takriban mwezi mmoja.

Dawa za jadi zina msingi. Majivu makavu yaliyochekechwa huziba nafasi kati ya punje, na mililita 5 za mafuta ya kula kwa kilo moja huua mayai. Chombo kisichopitisha hewa, kikijazwa hadi mdomoni, humnyima mdudu pumzi. Mifuko ya kuhifadhia mazao iitwayo PICS hufanya kazi kwa njia hiyo. Hata kuviringisha debe asubuhi na jioni husaidia, maana buu mchanga huhitaji kujiegemeza kati ya punje mbili ili atoboe ngozi, na kila debe linapoviringishwa huondolewa mahali pake.

Wiki mbili kabla ya mvua, otesha punje 100 kwenye mchanga wenye unyevu kwa siku 8. Zikiota 80 au zaidi, panda kama kawaida. Zikipungua kidogo, ongeza punje kwenye kila shimo. Zikiwa chini ya 50, tafuta mbegu nyingine mapema, jirani akiwa bado anayo ya kukugawia.