Kutoka Sikio la Fundi hadi Mashine ya Kupimia Gari: Historia Fupi ya Kukusaidia Kulinda Mfuko Wako

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, kila msimu wa mavuno unapokaribia, vikundi vyetu hufikiria kununua gari la kubebea mazao: kirikuu, Noah, Hiace au pikapu iliyokwisha kutumika. Likiharibika, safari ya vipuri mara nyingi huishia Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam. Siku hizi huko kuna mafundi wenye mashine ndogo, nyingine zinatosha kiganjani. Fundi anaichomeka chini ya usukani, anasoma namba, kisha anakwambia ukanunue kifaa fulani. Unatoa pesa ya mpunga au ya nyanya, kifaa kinafungwa, na baada ya siku mbili taa ya injini inawaka tena.

Mara nyingi mashine haikudanganya. Ilieleweka vibaya. Ukijua ilitoka wapi na ilitengenezwa kwa kazi gani, utajua cha kumuuliza fundi kabla hujafungua pochi.

Enzi ya kabureta na platini

Jina Kariakoo lenyewe lina habari ya usafirishaji ndani yake. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mizigo ilianza na mabega ya watu, magari yakaja baadaye.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, barabara zetu zilikuwa za Land Rover, Bedford na Peugeot 404 na 504. Injini zilikuwa na kabureta na platini, bila kompyuta. Fundi alisikiliza mlio, akanusa moshi, akafungua plagi na kutazama rangi yake. Plagi nyeusi yenye masizi ilimwambia mafuta yamezidi. Nyeupe ilimwambia hewa imezidi au injini inachemka.

Vipuri vilikuwa adimu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeigharimu nchi sana, na fedha za kigeni hazikutosha. Kwa hiyo fundi alilazimika kutafuta chanzo hasa cha ubovu. Hakuweza kubahatisha kwa kubadilisha kifaa baada ya kifaa, kwa sababu hicho kifaa kingine hakikuwepo dukani.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Mwaka uliofuata Mzee Ali Hassan Mwinyi alishika urais, na milango ya biashara ikazidi kufunguka hadi wananchi wakamwita Mzee Ruksa. Katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yakawa yanashuka kwa wingi bandarini. Yalitufaa kwa sababu Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko kulia. Lakini magari hayo yalikuja na mgeni ndani yake: kompyuta ya kupima mafuta, ile tuliyoizoea kwa jina la EFI.

Taa iliyokuwa ikikonyeza

Fundi wa kabureta alipokutana na EFI, sikio peke yake halikutosha tena. Hata hivyo Toyota za wakati ule zilikuwa na njia ya kujieleza bila mashine yoyote. Ndani ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye kifuniko na matundu mengi. Fundi aliunganisha kwa waya tundu la TE1 na la E1, akafungua swichi bila kuwasha injini, kisha akahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mikonyezo miwili, kituo, halafu mmoja, hiyo ni namba 21: sensa ya oksijeni. Miwili na miwili ni 22: sensa ya joto la maji. Ikikonyeza mfululizo bila kituo, kompyuta haina lalamiko.

Njia hiyo bado inafanya kazi kwenye gari za aina hiyo. Lakini usijaribu kuunganisha matundu usiyoyajua, maana mengine yana umeme wa betri na unaweza kuunguza fyuzi au kompyuta yenyewe. Mwache fundi anayelijua gari lako.

Sheria ya moshi

Mashine za leo zilizaliwa mbali, California nchini Marekani. Jiji la Los Angeles lilisumbuliwa kwa miaka mingi na moshi wa magari. Mamlaka ya hewa ya jimbo hilo ikaagiza kwamba magari mapya, kuanzia ya mwaka 1988, yawe na kompyuta inayojikagua na kuwasha taa pale kifaa kinachohusu moshi kinapoharibika. Tatizo ni kwamba kila kampuni ilikuwa na tundu lake na lugha yake.

Ndipo ukaja mfumo wa pili, OBD-II, uliokuwa wa lazima kwa magari madogo yote mapya ya Marekani kuanzia ya mwaka 1996. Tundu likawa moja, lenye pini 16, na namba za hitilafu zikawa za pamoja. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Japani ilianza kulazimisha mfumo wa namna hiyo mwaka 2008.

Tazama mwaka huo wa Japani. Magari yetu mengi ya kubebea mizigo yalitengenezwa kabla ya 2008, kwa ajili ya soko la Japani, si la Marekani. Ndiyo maana unaweza kukuta tundu la pini 16 chini ya usukani, mashine ikaingia vizuri, halafu isipate jibu. Tundu ni lile, lugha siyo. Fundi akikwambia "kompyuta imekufa" kwa sababu tu mashine yake ndogo haisomi, usikubali haraka. Mwombe ajaribu mashine inayojua Toyota au Suzuki za Japani. Na kama Hiace yako ni ya dizeli yenye injini ya 3L, pampu yake ni ya kimakanika. Hapo mashine haina cha kusoma, rudi kwa fundi wa pampu.

Mashine zenyewe zilishuka bei baada ya kampuni ya Elm Electronics ya Kanada kutengeneza chipu iitwayo ELM327. Chipu hiyo ikanakiliwa sana China. Leo kifaa cha ukubwa wa kiberiti kinaungana na simu kwa Bluetooth na kusoma namba. Nakala nyingi hufanya kazi, ila nyingine hazijui lugha zote zilizoandikwa kwenye boksi. Ukinunua, omba ijaribiwe kwenye gari lako palepale.

Namba ni lalamiko

Kwa kuwa mfumo huu ulianzia kwenye moshi, kompyuta huripoti kile ilichokiona kwenye nyaya na sensa zake. Haikwambii kifaa cha kununua.

Chukua namba P0171. Maana yake ni kwamba hewa imezidi mafuta. Aliyetoa habari hiyo ni sensa ya oksijeni, na mara nyingi ndiyo inayonunuliwa kwanza. Lakini sensa inaweza kuwa nzima kabisa, inasema kweli tupu. Ubovu unaweza kuwa bomba la hewa lililochanika, pampu ya mafuta iliyochoka, au chujio lililoziba. Kumbadilisha shahidi hakuondoi kesi.

Chukua P0118, ya sensa ya joto la maji. Kwa magari yanayolala karibu na ghala la mahindi, kwanza fuata waya. Panya akiukata, sensa mpya itatoa namba ileile. Na P0420 inahusu masega ya ekzosi: kama yalishatolewa na kuuzwa, huenda hiyo ndiyo sababu ya taa kuwaka.

Kwa hiyo muulize fundi maswali matatu. Namba ni ipi? Iandike. Umepima nini kuthibitisha kwamba kifaa hiki ndicho kibovu: waya, umeme, presha ya mafuta? Na je, namba ikifutwa na gari likitembea, inarudi ileile? Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali haya, maana ndiyo kazi yenyewe ambayo wazee wa kabureta waliifanya kwa plagi na sikio.

Kabla ya kulipia gari

Mashine inayosoma namba inazifuta pia. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kufuta asubuhi, ukaja mchana ukakuta dashibodi safi. Fanya hivi:

1. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa au imekatwa.

2. Kwa gari linalofuata OBD-II, mwombe fundi wako aangalie orodha ya vipimo ambavyo gari hujifanyia. Vikiwa vingi havijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilitolewa. Uliza sababu.

3. Liendeshe hadi injini ipate joto, kwenye mlima kama upo, na ukiweza likiwa na mzigo. Kisha lisomwe tena.

4. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Gharama ya kumlipa nauli ni ndogo kuliko kompyuta moja ya gari.

Kama kikundi chenu kina magari mawili au zaidi, kununua mashine yenu si wazo baya. Wekeni na daftari: tarehe, kilomita, namba iliyosomwa, kilichopimwa, kilichobadilishwa. Baada ya misimu miwili daftari hilo litawaonyesha kifaa kinachorudia kufa, na siku ya kwenda Kariakoo mtakwenda mkijua mnachokitafuta.

Kazi njema na mavuno mema.